Imani Ndogo Ilikuwa ya Nani

Josias, toka pale mulangoni, kuja ukae karibu na kitanda, na wewe Rosine weka huo uji chini, sitakunywa tena. Mimi mama yenu Kasoki niko na maneno ya kuwaachia na pumzi imeanza kunikimbia, kwa hiyo mutu asinikatize, hata kwa kulia.

Jana, Josias, ulimuingiza Pasteri Damien ndani ya nyumba yangu. Mutu aliyemuua dada yenu, na chupa ya mafuta mukononi! Akasimama hapo ulipo, akaniambia kwa ile sauti yake ya asali, "Mama Kasoki, samehe tu, na Yezu atakuponya leo leo." Maumivu yalikuwa yamenishika mpaka kwenye meno, lakini nilicheka. Wewe ukanikasirikia juu ya kile kicheko, nilikuona.

Mulikuwa wadogo sana, hamuwezi kukumbuka. Sylvie wetu alikuwa na kifafa, na masista wa dispansere walikuwa wanamupa Gardenali, kidonge kila mangaribi, na kwa hicho kidonge mutoto alikomaa, akajifunza kushona, akaimba, hakuanguka tena. Huyo Damien naye alikuwa hana pahali pa kusalisha, nikamuhurumia, nikamuambia ajenge kwenye kona ya parsele yetu, kiwanja hiki hapa Mapendo, akapiga mbao zake juu ya mawe ya volkano na kuita kanisa. Parsele ilibaki yangu, majirani wote wanajua. Halafu nikaenda Vitshumbi kununua samaki wa chumvi, vita ikafunga barabara, nikakwama kule. Na mimi nikiwa kule, yeye akawaita watu walete dawa zao mbele ya altare, ili Mungu aone kama wanamuamini kweli. Sylvie akapeleka vidonge vyake. Wakamupigia makofi, wakaimba, wakamwaga dawa chooni. Hata juma haikuisha, alianguka akiwa anafua peke yake, uso ndani ya beseni ya maji.

Nilifika nikakuta watu wamekwisha kukaa kilio. Na kaburini, mbele ya watu wote, Damien akanyoosha kidole: mutoto aliamini, ni mama yake aliyekuwa na imani ndogo, alikimbilia samaki badala ya kufunga na kusali. Ee Mungu wangu! Tangu siku ile, kwenye robine tukichota maji, sokoni, wanawake wakaniangalia kama mimi ndiye niliyemushika mutoto kichwa ndani ya maji. Nimeishi na lile neno, nikalala nalo, na sitakufa nalo.

Juu ya neno lile nilianza kusoma Injili mimi mwenyewe, polepole, na kidole chini ya mustari, na nikamukuta mutoto wa kifafa. Yupo! Anaanguka motoni, anaanguka majini, kama wetu. Baba yake anamupeleka kwa wanafunzi wa Yezu, wanasali, wanashindwa. Na katika Injili ya pili baba anamuambia Yezu wazi kwamba anaamini, lakini amusaidie pale anaposhindwa kuamini. Nusu nusu, basi! Na Yezu hakumufukuza, alimuponyesha mutoto palepale. Halafu, katika Injili ya kwanza, wanafunzi wanamuuliza pembeni, sisi tulishindwa juu ya nini? Akawaambia: juu ya imani yenu ndogo. Yenu! Hakumunyooshea baba kidole, aliwanyooshea wale wenye kusalisha. Damien anaijua hiyo sura, ameihubiri mara nyingi, lakini mustari unaomugusa yeye anauruka.

Jana nikamusomea, Josias, wewe shahidi. Nikamuambia sitaki mafuta yako, nataka Jumapili usimame useme kwamba imani ndogo ilikuwa yako. Alifanya nini? Alifunga chupa yake, akaondoka.

Basi sikieni. Atakuja kwenye kilio changu, maana anapenda watu wengi. Mumukaribishe, mumupe kiti mbele. Rosine, wewe una sauti, umusomee sura ile ya Injili ya kwanza, mpaka mwisho, halafu umuulize mbele ya watu imani ndogo ilikuwa ya nani. Akisema ni yake, akamutaja Sylvie kwa jina, muache kanisa lake likae. Akinyamaza, ama akianza kuzunguka na maneno yake, siku ileile mungoe mbao, mushushe mabati, Josias uwe wa kwanza kupanda juu, wewe uliyemupokea. Na asisalishe kwenye kaburi langu. Asinigusie hata udongo. Muite padri, kama hayupo, sali wewe Rosine.

Munipe maji... kidogo tu. Inatosha.

Parsele ni yenu wawili, musiuzishe, musigombane. Rosine, Mungu akupe watoto wenye kuishi. Josias... kuja, leta kichwa. Nakubariki pamoja na hasira yangu yote, mwanangu, sikukutupa. Mutu akiugua humu ndani, musali, na mumupeleke kwa munganga wa dispansere, vyote viwili, musikie...

Najua unachotaka kuniuliza, Josias. Kwamba Yezu ataniuliza kama nilisamehe. Aniulize. Nitamuambia Bwana, ngoja kidogo... unionyeshe kwanza Sylvie.