Kitabu Ambacho Bohdan Prokopiw Hakukimaliza

Padre, ndugu na majirani, na ninyi wasomaji wa Alhamisi mliokaa pamoja pale nyuma kama kawaida yenu, familia imeniomba mimi Stefania, dada yake mdogo, niwasomee maisha ya kaka yetu Bohdan, nami nitasoma polepole, mnivumilie nikisimama.

Bohdan Prokopiw alizaliwa tarehe 11 Machi 1947 katika shamba la wazazi wetu, kaskazini ya Canora, Saskatchewan, akiwa wa kwanza kati yetu wawili, akabatizwa katika kanisa hili hili. Alianza masomo mwaka 1953 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na shamba letu, akaendelea na sekondari mjini hadi mwaka 1964, na mwalimu wake aliwaambia wazazi kwamba ni kijana mwema ila anasoma vitabu vingine chini ya dawati, navyo vilikuwa riwaya za dunia iliyokwisha, za miji iliyomea nyasi, na za watu wa miaka elfu kumi ijayo wasiojua tena reli ilikuwa ya kazi gani.

Mwaka 1965 aliajiriwa katika ghala refu la nafaka kando ya reli, akapokea na kupima ngano ya wakulima wa hapa mpaka ghala lilipofungwa mwaka 1996, na kiangazi kilichofuata, lilipobomolewa, alisimama barabarani akiwa ametia mikono mifukoni, akalitazama likianguka, akarudi nyumbani. Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Iryna Sawka, nao wakajaliwa mtoto mmoja, Danylo, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1974, ambaye leo amekaa hapa mbele yetu.

Majira ya baridi ya mwaka 1983, bei ya ngano ilipoanguka na majirani wakaanza kuuza mashamba, Bohdan aliwakusanya watu katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kila Alhamisi, sahani za perohe, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, zikiwa mezani, ili wasome pamoja riwaya moja kila mwezi, na zote zilikuwa za mwisho wa dunia au za baada yake. Iryna alimuuliza, "Mume wangu, watu wanapoteza mashamba, wewe unawapelekea mwisho wa dunia?" naye akamjibu, "Mama Danylo, hivi vitabu vyote vinaanza kesho yake."

Kwake yeye riwaya iliyostahili kusomwa ilikuwa ile inayosema watu wanakula nini na nani amepika, tena inayojua kwamba baridi ni ndefu. Tuliposoma moja ambayo watu wanafungua nyama ya kopo iliyokaa miaka mia tatu, wakaila, wakaondoka zao wakiwa wazima, Bibi Olga Kucher aliweka uma chini akasema, "Miaka mia tatu! Mimi ya mwaka juzi tu ilinilaza kitandani wiki nzima!" Bohdan akamuuliza, "Umemaliza kitabu, Olga?" akasema bado, naye akamwambia, "Basi kula perohe zako, mama, utahukumu ukimaliza." Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, kwamba hakuna mtu wa kukisifu wala kukilaumu kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho, na wote tuliifuata, hata aliyekuwa na homa.

Mwaka 2008 Danylo, aliyekuwa akiishi Winnipeg, alitoa riwaya yake ya kwanza, inayosimulia uwanda huu huu miaka elfu tatu ijayo, na mzee anayelinda ghala la mwisho la ngano, ambaye watu wa upande wa pili wa mto wanakuja kumgongea mlango wakati wa njaa, naye mwanzoni hawafungulii. Alhamisi tulipoanza kuisoma, Olga alicheka akasema, "Bohdan, huyu ni wewe, mpaka kofia!" na kaka yangu akakifunga kitabu katika sura ya pili, akasema, "Mtoto wangu amenifanya mchoyo mbele ya dunia nzima," akampigia simu siku ile ile, wakaumizana kwa maneno. Tangu hapo, mtu aliyesoma kila kitabu cha aina hii kilichofika mji huu, hicho kimoja hakukigusa, na tulipomkumbusha sheria alisema, "Sheria ni yangu." Baba na mwana wakabaki kuzungumza wakati wa Krismasi na Pasaka, habari za theluji tu, na tulipomzika Iryna tarehe 19 Oktoba 2017, walisimama bega kwa bega kando ya kaburi, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mwaka 2021 mapafu yake, yaliyovuta vumbi la nafaka miaka mingi, yalianza kuchoka, na Januari mwaka huu wa 2023 alilazwa hospitali ya Yorkton. Macho hayakumsaidia tena, hivyo nilikuwa nikimsomea kila mchana, na tarehe 30 aliniambia, "Stefa, acha hicho, kaniletee kile cha mtoto." Sikuuliza kipi.

Alikisikiliza kama alivyosikiliza vyote, kwa kulalamika, akisema ngano iliyorundikwa vile ingeoza, kwamba Danylo hakuwahi kusikiliza alipofundishwa habari za unyevu, lakini tulipofika mahali mlinzi anapompikia uji mkewe mgonjwa, aliniomba nirudie, nikarudia, akaniomba tena, na mara ya tatu akageukia ukutani. Tarehe 6 Februari tulimaliza sura ya kumi na mbili, pale mzee anaposikia mlango ukigongwa, anainuka kitini. Nikamwambia, "Kaka, mpigie Danylo sasa, simu hii hapa," akasema, "Sijamaliza. Nitamwambiaje, nimekipenda nusu? Kesho tukimaliza nitampigia mwenyewe."

Alifariki alfajiri ya tarehe 7, kabla sijafika, naye Danylo, ambaye wauguzi walimwita usiku, alikuwa bado njiani katika theluji.

Danylo mwanangu, nimewafundisha watoto wadogo maisha yangu yote na sikuwadanganya, nawe sitakudanganya leo: shangazi yako hajui baba angekwambia nini. Ninajua tu kwamba alitaka kukwambia mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Yorkton, majirani waliosafisha theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wazee aliofanya nao kazi ghalani, Padre wetu, akina mama waliopika tangu jana, na wasomaji wa Alhamisi, ambao wiki ijayo watakutana ukumbini kama kawaida, wataanzia sura ya kumi na tatu, na Danylo amekubali kusoma yeye.

Pumzika, Bohdan, kaka yangu, amani ya Mungu ikufunike. Kurasa zilizobaki mwanao atatusomea, na hakuna atakayesema neno mpaka afike mwisho.