Nani Anawasha Pampu ya Magesa

Benchi letu liko nje kidogo ya Ushirombo, hatua thelathini kutoka duara la mzee Magesa, shimo la dhahabu lenye kina cha mita arobaini. Mimi nauza kahawa hapo, na mara nyingi nasikiliza tu. Asubuhi hiyo walikaa watatu: Magesa mwenyewe, Ansgar, fundi simu, tunayemwita Profesa, na Paschal, fundi wa pampu, tunayemwita Koleo. Katikati yao lilikuwa boya la pampu. Ni dude la plastiki linaloelea shimoni: maji yakipanda linanyanyuka, pampu inawaka; yakishuka, inazima. Profesa alikuwa ameling'oa jana, na kazi ya boya sasa ilifanywa na simu yenye akili mnemba. Zamu ilikuwa ishuke saa mbili, na Baba Vumilia, mume wangu, alikuwemo.

— Boya halifikirii, alisema Profesa. Maji yakiligusa, linawasha tu. Umeme unaliwa bure. Hii akili imesoma maji ya shimo hili mwezi mzima. Inajua yatajaa lini kabla hayajajaa.

— Mwezi gani? aliuliza Koleo.

— Wa tisa.

— Wa tisa hapakuwa na tone la mvua. Jana ilinyesha.

— Itajifunza.

— Ijifunzie wapi? Kwenye shingo za watu?

— Koleo, unaogopa kukosa kazi, alisema Magesa.

— Bosi, hiyo simu naipenda. Juzi iliniambia beringi inakaribia kufa, nikafungua, kweli. Iendelee kuniambia. Ila kuwasha pampu ni kazi ya kijinga. Inataka kitu kijinga, kisichobadili mawazo.

— Mmesikia? Fundi anasifia ujinga! alisema Profesa. Mwakani hii itatuonyesha mwamba wenye dhahabu ulipo.

— Hata kwa jirani? aliuliza Magesa.

— Hata kwa jirani. Itajua na mchimbaji aliyekunywa gongo. Itanusa.

— Simu inuse?

— Inuse! Halafu mzee, utafika wakati maji yenyewe yataomba ruhusa kwako kabla ya kupanda.

Magesa alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Mama Vumilia, mwongezee Profesa!

Nikamwongezea.

Hapo akaja Mageni, mtu mzima kutoka Kahama. Ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye duara hili. Alikuwa ameshavaa kofia ngumu na taa.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Karibu kazini.

— Asante. Nina swali dogo. Nikiwa chini, maji yakaanza kupanda, na hiyo simu ikaona bado, namwambia nani?

Magesa alimtazama Profesa. Profesa akatazama simu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

— Ina uhakika wa asilimia tisini na sita, alisema.

— Sawa. Namwambia nani?

Koleo alikoroga kahawa yake, na haikuwa na sukari.

Mageni hakugomba. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi. Wenzake waliokuwa wakifunga kamba kiunoni wakamwona. Baba Vumilia akafungua kamba yake, akaja kukaa kando yake. Akaja wa tatu. Benchi likajaa, waliobaki wakachuchumaa. Saa mbili ikapita.

— Jamani, kazi, alisema Magesa.

— Tunasubiri jibu, mzee, alisema Baba Vumilia kwa upole.

Profesa bado alikuwa anabonyeza.

Magesa alivumilia mpaka saa tatu kasorobo.

— Profesa, simu yako ibaki, alisema. Itushauri. Koleo, nenda kafunge boya.

Koleo alilichukua akaondoka. Hakuna aliyesimama mpaka tuliposikia pampu ikinguruma.