Mitungi ya Kwapani

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, kwa hiyo mimi ndiye mwenyeji hata kama hakuna anayenishukuru. Asubuhi ile tulikuwa wanne na kahawa ilikuwa ya moto. Kiboko alikuja na fomu mkononi. Huyu ni mpiga mbizi wa bwawa linaloupa mji maji, na kazi yake ni kushuka kwenye baridi ya huko chini kusafisha wavu wa mdomo wa bomba. Mwezi uliopita mtungi wake wa hewa wa mgongoni ulinasa kwenye nondo za ule mdomo, akakaa chini muda ambao mpaka leo hapendi kuutaja. Sasa ofisi imekubali kumnunulia vifaa vya kubeba mitungi ubavuni, mmoja kila upande, ila fomu irudi kabla ya saa nne. Jumatatu anashuka tena, na akikosea kuchagua atanasa vilevile.

Fomu iliuliza mambo mawili: hanesi gani, na mitungi gani. Inchi, fundi cherehani wa kibanda cha pili, akainyakua na kusoma kwa sauti, "Hanisi gani." Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alimtazama Kiboko kwa huruma, kuanzia juu mpaka chini. Kiboko akaeleza haraka haraka kwamba hanesi ni mikanda tu ya kufungia mitungi mwilini. Kuanzia hapo tukakubaliana kusema mikanda.

— Na hii suti kavu iliyoandikwa hapa ni nini? akauliza Inchi.

— Vazi la mbizi. Haliingizi maji. Ndani navaa nguo nzito za baridi, nje nalowa, ndani mkavu.

— Mimi nimeshona suti miaka ishirini, zote kavu, na hakuna aliyewahi kunisifu.

Kiboko akaendelea kwa subira. Suti hutiwa hewa kidogo kutoka mtungi mmoja, kwa mpira mwembamba, ili isimbane na apate joto. Tatizo ni kwamba hewa hiyo inataka kumpandisha juu, ndiyo maana hubeba risasi kiunoni.

— Risasi? akasema Mzee wa Gesi, anayeuza mitungi ya kupikia ng'ambo ya barabara. Huko chini kuna nani?

— Risasi ya uzito, mzee. Madini.

— Nimeuliza tu. Watu wa maji mna siri.

Kwenye mitungi Mzee wa Gesi alijiona profesa. Akasema achukue wa chuma, na safari hii alikuwa sahihi: Kiboko akakubali kwamba wa alumini ukikaribia kuisha hewa huwa mwepesi na kuinua mkia, wa chuma hubaki mzito, na risasi zinapungua. Ila chuma kikubwa pande zote mbili kingemvuta chini kupita anavyotaka. Kusifiwa kukamharibu mzee. Akashauri chuma kushoto, alumini kulia, kisha Kiboko aogelee ameinamia upande.

— Lakini kama suti ina hewa, mitungi ya nini? akadakia Inchi. Vuta hewa ya suti.

— Hewa hiyo imeshinda na makwapa yake, akasema Mzee wa Gesi. Hata adui yangu simtakii.

Nami sikukubali kuachwa nyuma. Kiboko alisema shingo ya mtungi hushikwa na mpira unaotoka mgongoni ukapita chini ya kwapa. Mpira naujua. Nikamwambia ninao wa ndani wa tairi la baiskeli, wenye kiraka kimoja tu, na kiraka chenyewe nimekiweka mimi. Alinishukuru kwa adabu iliyonikera.

Inchi alikuwa keshatoa futi yake ya kupimia. Kiboko akamkataza kumpima akiwa na shati tu, kwa sababu akiwa ndani ya suti unene wake ni mara mbili. Nilidhani hilo limemaliza mambo. Inchi akaingia kibandani, akarudi na makoti matatu ya wateja, moja bado halina kola, akamvika yote. Mzee wa Gesi akavuka barabara na kurudi na mitungi miwili midogo mitupu, tukamfunga nayo ubavuni kwa mikanda ya mabegi iliyokuwa kwangu ikisubiri vifungo. Kiboko akasimama pale, jasho linamtoka, mikono imemkaa mbali na mwili.

— Shika koki ya kushoto, akaamuru Mzee wa Gesi.

— Haifikiki.

— Majini itafikika. Majini kila kitu chepesi.

Tulicheka mpaka kahawa yangu ikamwagikia kiatu cha mteja. Ndipo mke wa Kiboko akatokea, amemletea miwani aliyoisahau nyumbani. Hakuwahi kufika kijiweni kwetu. Tukamkaribisha, shemeji hapa, shemeji pale, Inchi akamfutia benchi kwa kiganja. Alimtazama mumewe ndani ya makoti na hakucheka. Tukamweleza kwa zamu habari za mikanda na mpira, na Kiboko mwenyewe akamwambia ameshaamua: mikanda ya kulegeza na kukaza, apimwe akiwa ndani ya suti, na mitungi midogo ya chuma. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

— Sawa. Na kamba ya kumvuta juu atashika nani?

— Kamba ipo, akasema Kiboko.

— Sijauliza kamba. Mwezi uliopita ulivutwa na mwenzako, na mwenzako amestaafu. Jumatatu nani yuko juu?

Inchi akaanza kukunja futi yake, akaikunja tena. Mzee wa Gesi akawa anatazama duka lake kama lina mteja. Mimi niliona aibu, nasema wazi, kwa sababu asubuhi nzima tulimvika na kumfunga mtu, na hakuna aliyekumbuka kuuliza hilo.

— Ofisi bado haijasema, Kiboko akajibu polepole.

Mkewe akaichukua fomu pale benchini, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

— Waambie ofisini fomu ninayo mimi. Atakayeshika kamba aje kuichukua mwenyewe.

Akamvisha mumewe miwani, maana mikono yake haikufika usoni, kisha akaenda zake.