Nukta Inayokuja kwa Miguu

Benchi letu liko nje ya karakana ya Fundi Mawimbi, mtengeneza redio, na siku hiyo kahawa ilipoa sote tumeinamia kioo cha mashine yake mpya. Alikuwa ameunda rada kutokana na vifaa vya milango inayofunguka yenyewe, akaielekeza kwenye kituo cha basi, mwisho wa barabara. Mama wa mchumba wake alikuwa anakuja kumwona kwa mara ya kwanza, aamue kama binti yake amepata mume au amepata mzigo wa nyaya. Fundi aliahidi kumpokea kituoni. Sasa akaona heri mashine imwambie mgeni akitokea, ili yeye asiache kikombe chake.

— Wimbi linatoka bila kukatika, alitueleza. Kitu kikija, linarudi limebanana. Kikienda, linarudi limelegea. Hapo napata kasi.

— Na umbali? akauliza Chapchap, dereva wa pikipiki asiyewahi kuwahi popote.

— Ukiimba sauti ileile tu, utajuaje mwangwi ni wa lini? Kwa hiyo naipandisha na kuishusha. Inayorudi imechelewa, na kuchelewa kwake ndiko umbali. Juu ya kioo ni mbali, chini ni karibu. Kulia wanaokuja, kushoto wanaoondoka.

— Na hizi nukta za katikati? akauliza tena Chapchap.

— Vitu visivyosogea. Ukuta, nguzo, Profesa.

Profesa, kinyozi mstaafu, hakukasirika.

— Mvumilivu hula mbivu, alisema, akajimiminia kahawa ya mwisho.

Nukta ikatokea juu ya kioo, upande wa kulia, polepole.

— Ndiye? nikauliza.

— Siye. Mama atakodi pikipiki. Mimi nasubiri nukta yenye mbio.

— Basi ni mbuzi, akasema Chapchap.

Nukta ikateleza katikati, ikatulia, kisha ikaanza tena.

— Mbuzi hapumziki hivyo. Hilo lori bovu, linasukumwa, nikasema.

— Setilaiti, akakata Profesa. Imechoka huko juu, inarudi kwao kwa miguu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Mita kumi, akasoma Fundi. Tano. Jamani, inasoma sawasawa.

Alivyofurahi, nami nikafurahi. Hapo kivuli kikaangukia kioo.

— Hodi hapa.

Mama mmoja alisimama mbele yetu, begi kichwani, jasho shingoni. Fundi akaruka.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Nimekupungia mkono tangu kule.

— Nilikuona, mama. Kila hatua. Hii nukta ni wewe, kasi yako, umbali wako.

Mama akaitazama nukta.

— Na ilikwambia nimebeba mzigo?

Chapchap akachungulia birika la kahawa, akalikuta tupu. Fundi akamtua mama begi, akalikumbatia, asijue pa kuliweka.

— Jingine nimeliacha kituoni, alisema mama kwa upole.

Fundi alitoka mbio, kandambili moja ikabaki. Mama akaketi mahali pake, akainamia kioo pamoja nasi.

— Hii inayokimbilia kushoto ni nani?

— Mkweo, mama, akasema Profesa.

Mama akacheka.

— Bado. Ngoja kwanza tumwone akirudi.