Jina la Kumwita Baba Mkwe

Kijiwe cha kahawa cha Mama Sara kiko Katesh, karibu na soko: meza moja, birika moja, benchi moja. Zamani benchi lilitazama Mlima Hanang. Tangu tope la mlima huo lishuke kitongoji cha Jorodom, ile Desemba ya 2023, benchi lilihamia upande wa pili wa meza, na wateja sasa wanaupa mlima mgongo. Hakuna aliyewahi kusema tulihamishe. Siku moja tu lilikutwa huko. Anayebaki kuutazama ni Mama Sara, maana mwenye kumimina lazima awaelekee wanywaji.

Asubuhi hiyo alikuwa ametangaza jambo. Kuna mwalimu kutoka Arusha angepita saa nne kuandikisha watu wa kusomea leseni ya redio, ile ya wanaoanza, na yeye anajiandikisha.

— Leseni ya nini, Mama Sara, na redio unayo? aliuliza Lameck, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara mbili.

— Ya kusikiliza ninayo. Kuongea ndiko kunataka leseni. Unasoma, unafanya mtihani, ukifaulu unapewa herufi na namba zako. Huko hewani unaitwa kwa hizo.

— Kama gari?

— Kama gari.

Wakili akaingia kazini. Alieleza kwamba sheria inamkataza mwenye leseni kusema uongo hewani, hivyo Katesh nzima itafeli, wanaume kwanza. Yohanes, fundi wa madishi, ambaye watu humwita Satelaiti, hakukubali kupitwa kwenye fani yake. Alisema sauti hupanda, inagonga anga, inarudi chini mbali kabisa. Hapo alikuwa sawa, ila hakuishia hapo. Ukiongea kijijini Gitting asubuhi, alisema, sauti inaweza kukurudia jioni imekauka koo.

— Tena haifi, aliongeza. Kila kilichowahi kusemwa bado kinazunguka huko juu. Ni waya tu. Ukiwa na waya mrefu, unakinasa.

Mama Sara aliacha kumimina.

— Hata cha mtu ambaye hakuwa na leseni?

Satelaiti alimtazama, akakumbuka anaongea na nani, akainamia kikombe chake.

Redio ile ilikuwa ya mzee Gidabuday, baba mkwe wa Mama Sara. Alikuwa mfugaji wa kijiji cha Getanuwas aliyeuza ng'ombe wawili akajenga Jorodom, na jioni alipenda kukaa na mkwewe kutafuta sauti za mbali. Ndiye aliyegundua wale watu wasiosoma habari wala kupiga muziki, wanaoitana tu kwa herufi na namba, wakiulizana mvua. Kwa mila za kwao mke halitamki jina la baba mkwe, na Mama Sara hakuwahi kulitamka, hata kanisani siku ya kumwombea mzee alipougua. Mzee alilifikiria hilo, akacheka peke yake.

— Mwanangu, tukapate hiyo leseni. Nikiwa herufi na namba, hata wewe utaniita mbele za watu.

Waliahidiana waende mvua zikiisha. Tope likawahi. Asubuhi ile Mama Sara alikimbia kwenye matope mpaka magotini, watu kila upande wakiita majina ya watu wao, na yeye akaita baba. Wanaume wengi waligeuka, kila mmoja akidhani ni binti yake. Waokoaji wakamuuliza anayemtafuta ni nani. Alifungua mdomo, mdomo ukakataa. Mpaka jirani alipofika na kulisema jina hilo kwa niaba yake, muda ulikuwa umepita, na mzee hajapatikana mpaka leo. Watu wamemwambia mara nyingi kwamba jina lisingebadilisha kitu. Anawaitikia, ila usiku na mchana roho inamuuma, anatamani angalau angemwita kwa jina mara moja.

Mwalimu alifika saa nne kweli, binti mmoja anayeitwa Zita, na daftari kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu. Karibu kahawa.

Aliandika kila alichoambiwa, akafurahi kuona mama mzima anataka mtihani. Akamweleza kwamba siku ya kwanza hewani wengi hushikwa na kigugumizi, kwa hiyo ni vizuri mtu ajue mapema ataanza na nani.

— Wewe ukishapewa herufi zako, mama, wa kwanza kumwita atakuwa nani?

Mama Sara alishika birika. Wakili alilijua jina la mzee. Satelaiti alilijua. Wote wawili wangeweza kulisema, ila walimwachia mwenyewe. Zita alisubiri na kalamu yake, akidhani hajasikika.

Mama Sara aliinua macho, akatazama juu ya vichwa vyao. Satelaiti ndiye aliyegeuka wa kwanza, halafu Wakili, taratibu, mpaka benchi lote likawa linautazama mlima.