Kengele ya Mlangoni mwa Labo: Kumuaga Daktari Florentine

“Imbwa ya kuhara damu iko maiti tayari. Labo itatuambia nini tena?” Ndivyo mwenzetu Daktari Hubert alivyosema kwenye kikao cha kamati ya kliniki wiki iliyopita, akitaka labo yetu, chumba cha vipimo, igeuzwe stoo. Hoja hiyo imevunjwa kwa miaka thelathini na mmoja, na aliyeivunja anastaafu tarehe 30 Juni: Daktari Florentine Lifenya, mkuu wa labo ya kliniki yetu ya wanyama hapa Kisangani.

Mama Florentine, mzaliwa wa Yanonge, alianza kama mkaguzi wa nyama. Parvo ndiyo iliyomfunga kwetu, virusi vile vinavyochana matumbo ya mbwa wachanga. Wakati huo tulipima ukali wa ugonjwa kwa macho: aliyechafuka zaidi ndiye aliyetundikiwa serumu, dripu ya mshipani, wengine wakangoja. Yeye akadai damu kwanza. Chembe nyeupe, askari wa damu, zimeporomoka? Albumini, protini inayozuia maji yasitoroke mishipani, imeshuka? Kesho yake akadai damu tena, kwa sababu kipimo kimoja hakionyeshi mbwa anaelekea wapi. Aliyebisha aliulizwa: “Bon, docteur, macho yako iko darubini?”

Wengi tunamkumbuka Papa Osée, mwindaji wa Masako, aliyeleta mbwa wawili wa tumbo moja. Mmoja alikuwa amelala katika damu yake, mwingine amesimama anatikisa mkia, amesusa chakula tu. Wawindaji wa kwao wakikata tamaa humvua mbwa kengele ya mti ya shingoni. Papa Osée alikuwa ameshamvua aliyelala na kumvisha aliyesimama. Damu ikasema kinyume: aliyesimama hakuwa na chembe nyeupe karibu hata moja; za aliyelala zilikuwa zimepungua kidogo tu. Mama Florentine akamtundikia serumu aliyesimama, Daktari Hubert akicheka. Jioni mbwa yule alianguka, lakini mshipa ulikuwa wazi na serumu inaingia. Aliyelala naye akapata zamu yake, na kesho yake chembe zake zilipanda. Wote wawili walirudi Masako, na Papa Osée, mwenye kengele moja na mbwa wawili wazima, akalazimika kuchonga nyingine. Alichonga na ya tatu, akatuletea. Ndiyo inayoning’inia mlangoni mwa labo.

Hakuokoa wote. Wapo waliokufa mikononi mwake, naye aliwapima hadi mwisho ili wanaofuata wasifie gizani.

Mama Florentine, asante. Vuka mto salama ukapumzike Lubunga, mihogo yako istawi, na mbwa wa jirani wasikuamshe.

Nanyi wajumbe wa kamati, mnaopiga kura Ijumaa kuhusu labo: kengele ile msiivue. Mkabidhini Daktari Ramla, aliyefundishwa na Mama mwenyewe, ufunguo wa labo kabla Mama hajapanda pirogi, mtumbwi wa kuvukia. Na wewe, Daktari Hubert, mbwa atakayefuata kuhara damu, mpeleke labo kabla hujamwita maiti.