Samaki wa Helmi

Pale kwenye kona ambapo barabara ya mji wa Tamarak inateremka ziwani, pana duka la chambo, na ndani ya duka, kando ya jiko la kuni, pana benchi. Kiangazi benchi hukaa nje. Barafu ikishika ziwa, huingizwa ndani pamoja na wenyewe. Wenyewe ni watatu. Mama Rada hashushi ndoano kabla ya kuuliza kioo chake cha umeme kinachoonyesha samaki chini ya maji. Upepo kwa kila jambo huilaumu hali ya hewa, hata kwa kuvunjika kwa ndoa yake. Wa tatu ni Arvo Lahti, wanayemwita Patasi kwa sababu mpaka leo hutoboa tundu la kuvulia kwenye barafu kwa patasi ya babu yake, na wenzake wana mashine. Ukinunua chambo, kahawa ni bure. Donati la mwisho hukatwa nusu, kisha nusu ya nusu, maana huku Minesota kumaliza cha mwisho ni aibu.

Siku hiyo Patasi aliingia na haraka zake. Mkewe Helmi alikuwa ametoka hospitali, na tangu arudi nyumbani chakula alikuwa akikitazama tu. Asubuhi hiyo, bila kuulizwa, alisema ana hamu ya macho-kioo, yule samaki wa ziwani ambaye macho yake hung'aa gizani, akaangwe kwa siagi. Patasi alitaka vidagaa hai vya chambo tu, aende zake. Lakini alitaja anachokwenda kuvua, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Benchi likasogea kumpisha.

— Kaa kwanza, mzee, alisema Mama Rada. Haraka haraka haina baraka.

Huku akimmiminia kahawa, alimweleza kwamba macho-kioo hukaa chini kabisa, kwa hiyo chambo kining'inie shubiri moja juu ya tope. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Patasi akajibu kwamba ameinama wiki nzima na hajapata kitu ila maumivu ya kiuno.

— Si kwa sababu unagongagonga? Samaki wanakusikia kama fundi anabomoa paa.

— Bandu bandu huisha gogo.

— Gogo, mzee. Si samaki.

Upepo alikuwa akisubiri zamu yake. Kwake kelele si hoja. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni. Hali ya hewa ikibadilika kibofu kinambana, anakosa hamu ya kula. Goti la Upepo nalo hubana saa hiyohiyo, na leo goti lilikuwa kimya. Mama Rada akataka kujua kama goti hilo linajua na rangi ya chambo cha bandia, maana yeye haamini nyingine ila kijani. Wakavutana juu ya kijani mpaka birika likaisha, likapikwa jingine.

Patasi akapiga mapaja yake kwa viganja viwili.

— Haya basi.

Kwa watu wa pale, hiyo ni kuaga kwa kwanza. Kwa pili huwa umeshasimama, kwa tatu umeshika kitasa, na kwa nne uko garini, kioo kimeshushwa, injini inanguruma. Kuruka hata kumoja ni kama kupita msibani bila kutoa pole.

— Haya basi, Upepo aliitikia, akamjazia kikombe.

Kufikia kuaga kwa pili, hoja zilikuwa zimeota pembe. Upepo alisema samaki wanaitambua gari ya Patasi kwa mlio, wanapashana habari. Mama Rada alisema mwaka jana aliwasha redio, kinanda cha mkono kikalia, na kwenye kioo chake akawaona samaki wanasogea wawili wawili. Patasi alijua anapaswa kuondoka. Badala yake alijisikia akisema kwamba yote hayo ni upuuzi: kinachotakiwa ni kichwa cha kidagaa peke yake kwenye ndoano, na kitazame mashariki.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia na Yolanda, msambaza barua mpya, aliyehamia majuzi kutoka Teksasi. Alisimama akiota moto, akawasikiliza hadi mwisho.

— Samahani, wazee wangu. Huyo samaki hula saa ngapi?

— Jua likizama, alisema Mama Rada. Hutoka kilindini akaja kwenye kina kifupi, kando ya matete. Muda wenyewe mfupi sana, halafu basi.

Yolanda akatazama dirishani. Theluji ilikuwa imeshaanza kuwa rangi ya machungwa.

— Sasa nyie humu mnafanya nini?

Upepo aliangalia goti lake. Mama Rada alifuta kioo chake cha umeme, ambacho hakikuwa na vumbi.

Patasi akasimama. Hakupiga mapaja. Alichukua ndoo ya vidagaa, akatia mdomoni kile kipande cha donati kilichobaki, akatoka.

— Hajaaga, alisema Upepo.

— Na donati kamaliza. Mama Rada alimgeukia Yolanda. Mgeni njoo mwenyeji apone, eti.

Tundu alilolitoboa asubuhi karibu na matete lilikuwa limeshika utando tu; pigo moja la kisigino likalifungua. Patasi alishusha kidagaa mpaka kikagusa chini, akakivuta juu shubiri moja. Hakutafuta mashariki. Mwanga ulikuwa umebaki ukanda mwembamba juu ya misonobari, naye akaanza kufikiria atamwambia nini Helmi, ndipo uzi ulipogongwa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Alimpata mmoja. Akashusha tena, lakini ziwa lilikuwa limeshafunga mlango.

Akirudi aliwaona wamejipanga kwenye dirisha la duka, wanataka kujua ametumia mbinu gani. Akapiga honi, akapita. Angesimama, angelazimika kuaga.

Nyumbani Helmi alikuwa ameketi jikoni na blanketi mabegani, kikaango kiko mezani mbele yake. Alimtazama samaki, kisha akatazama saa ya ukutani.

— Umewahi. Wale umewaagaje?

— Sikuwaaga.

Helmi akamkazia macho, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka blanketi likaanguka.

— Lete siagi, alisema.